Mjane na Karatasi Zake: Historia ya Pensheni ya Vita Nchini Marekani

Katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa la Marekani, ndani ya majalada ya pensheni za Vita vya Uhuru, kuna kurasa zilizochanwa kutoka kwenye Biblia. Si kurasa za Injili wala za Zaburi. Ni zile ambazo familia ziliandikia kwa mkono tarehe za ndoa, za kuzaliwa na za kufa. Wajane wa askari walizichana, wakazikunja na kuzituma serikalini, kwa sababu hawakuwa na karatasi nyingine ya kuonyesha kwamba waliolewa na mtu fulani, siku fulani, mwaka fulani. Kurasa nyingi hazikurudi nyumbani. Zimebaki kwenye majalada hadi leo.

Kurasa hizo zinasimulia jambo lililoiandama pensheni ya vita tangu mwanzo. Marekani imewaahidi askari wake na wajane wao mambo mengi, na imelipa fedha nyingi kweli. Lakini kazi ya kuthibitisha imeachiwa siku zote yule asiye na nguvu ya kuifanya: mzee, mgonjwa, mara nyingi mwanamke aliyefiwa na mumewe. Leo pensheni hiyo inawasaidia wazee kulipia makazi wanakoogeshwa, kuvishwa na kupewa dawa kwa wakati. Wengi wanaoistahili hawaipati, na kwa kiasi kikubwa sababu ni ile ile ya miaka 200 iliyopita.

Deni la kwanza

Mwaka 1636, walowezi wa koloni la Plymouth walipitisha sheria kwamba askari atakayerudi kutoka vitani akiwa kilema atatunzwa na koloni maisha yake yote. Tarehe 26 Agosti 1776, wiki chache baada ya kutangaza uhuru, Kongresi iliahidi nusu ya mshahara kwa maisha yote kwa aliyepoteza kiungo akiipigania nchi mpya. Wajane na yatima wa maofisa walikumbukwa mwaka 1780, wakaahidiwa nusu ya mshahara kwa miaka 7. Mjane wa askari wa kawaida hakutajwa.

Mwaka 1818 Kongresi ilikwenda mbali zaidi. Askari wa Vita vya Uhuru aliyetumikia walau miezi 9 au hadi mwisho wa vita, na aliye maskini, angepata dola 8 kwa mwezi, na afisa dola 20, hata kama hakujeruhiwa. Waliojitokeza walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Hofu ya udanganyifu ikaenea, na mwaka 1820 sheria ikakazwa: kila mpokeaji afike mahakamani na orodha ya mali yake yote kwa kiapo, isipokuwa nguo na matandiko. Wazee waliokuwa vijana wakati wa vita wakasimama mbele ya hakimu wakitaja ng'ombe mmoja, sufuria, viti vibovu, madeni wanayodaiwa. Maelfu waliondolewa kwenye orodha, na baadhi wakarudishwa baadaye.

Mwaka 1832 sharti la umaskini liliondolewa. Aliyetumikia miaka 2 alistahili mshahara wake kamili, na aliyetumikia walau miezi 6 alipata sehemu yake. Ila ilibidi asimulie utumishi wake mahakamani: alikuwa chini ya kamanda gani, alipita wapi, alipigana wapi. Wazee wa miaka 70 na 80 walikaa mbele ya makarani wakikumbuka mambo ya nusu karne nyuma. Wengi wao hawakujua kuandika, na simulizi hizo ndizo maneno pekee waliyoiachia dunia.

Zamu ya wajane ilifika mwaka 1836, miaka 53 baada ya vita kwisha. Tena kwa sharti: ndoa iwe ilifungwa kabla mume hajamaliza utumishi wake. Mwaka 1838 mpaka ukasogezwa hadi ndoa zilizofungwa kabla ya 1794, na mwaka 1853 tarehe ya ndoa ikaacha kuwa kikwazo. Hapo ndipo Biblia zilipochanwa. Nchi changa haikuwa na daftari moja la ndoa. Kumbukumbu ilikuwa nyumbani kwa mjane, naye akatakiwa aitoe. Mjane wa mwisho wa vita hivyo aliyekuwa akilipwa, Esther Damon, alifariki mwaka 1906, miaka 123 baada ya amani kutiwa saini.

Ndoa za watumwa

Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kati ya 1861 na 1865, viliua mamia ya maelfu ya askari. Sheria ya Julai 1862 ilimpa askari wa kawaida aliyelemaa kabisa dola 8 kwa mwezi, na kiasi hicho hicho kwa mjane wake. Machi 1865, katika hotuba ya kuanza muhula wake wa pili, Abraham Lincoln alilitaka taifa limtunze aliyebeba mzigo wa vita, pamoja na mjane wake na yatima wake. Siku moja kabla alikuwa ametia saini sheria ya kuanzisha makao ya taifa ya askari walemavu. Makao ya kwanza yalifunguliwa Togus, jimbo la Maine, mwaka 1866. Askari alipata kitanda, chakula na daktari. Makao yale yaliwekwa kwa ajili ya wanaume waliopigana, na mkewe alibaki na pensheni tu, kama aliweza kuipata.

Kuipata kulikuwa na ugumu wa pekee kwa wajane weusi. Watu weusi wapatao 180,000 walipigana upande wa Muungano, yaani wa serikali kuu, wengi wao wakitoka utumwani. Sheria za majimbo ya utumwa hazikuitambua ndoa ya mtumwa. Mume na mke walioishi pamoja miaka 20 na kuzaa watoto, mbele ya sheria hawakuwa kitu. Mume alipouawa akiwa na sare ya taifa, mkewe aliulizwa cheti ambacho taifa hilo hilo lilikuwa limemnyima. Mwaka 1864 Kongresi ilikubali ndoa hizo zithibitishwe kwa mashahidi, na mwaka 1866 ikalegeza masharti zaidi.

Hata hivyo ushahidi ulidai watu. Wakaguzi maalumu wa Ofisi ya Pensheni walisafiri hadi vijijini, wakaketi barazani kwa majirani na kuuliza maswali ya ndani kabisa. Mlianza lini kuishi pamoja? Bwana wenu alijua? Nani aliwazalisha watoto? Tangu mwaka 1882 sheria iliongeza lingine: mjane aliyeonekana anaishi kinyumba na mwanamume bila ndoa alifutiwa pensheni. Mama aliyekuwa akifua nguo za watu kwa ujira alijikuta maisha yake ya usiku yameandikwa kwenye jalada la serikali. Wanahistoria leo wanayashukuru majalada yale kwa utajiri wa habari za familia za watumwa. Ni haki kukumbuka kwamba utajiri huo ulitolewa na wanawake waliokuwa wakitafuta dola 8.

Mwaka 1887 Ofisi ya Pensheni ilikamilishiwa jengo lake Washington, kazi ya Jenerali Montgomery Meigs. Kuzunguka kuta zake za nje, kwa zaidi ya mita 360, kuna mchongo wa askari wakitembea: wa miguu, wa farasi, mabaharia, majeruhi, na mwendesha gari la nyumbu ambaye Meigs aliagiza awe mtu mweusi aliyekombolewa. Ndani, makarani walipanga mamilioni ya karatasi. Sheria ya Juni 1890 iliwafungulia mlango askari walioshindwa kufanya kazi kwa sababu yoyote, hata isiyotokana na vita, pamoja na wajane waliokuwa wakiishi kwa kibarua. Mwaka 1893 wapokeaji walikaribia milioni moja, na pensheni zikachukua zaidi ya asilimia 40 ya mapato ya serikali kuu.

Dola 20 za Harriet Tubman

Mmoja wa walioomba mwaka ule wa 1890 alikuwa mwanamke ambaye dunia inamjua kwa jambo jingine. Harriet Tubman alizaliwa mtumwa Maryland, akatoroka, kisha akarudi mara nyingi kuwatorosha wenzake. Wakati wa vita alikuwa muuguzi, mpishi, mpelelezi na kiongozi wa maskauti wa jeshi la Muungano huko South Carolina. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 1863 aliongoza boti za jeshi la Kanali James Montgomery kupanda Mto Combahee, na watumwa zaidi ya 700 wakakombolewa kwa uvamizi huo mmoja. Kwa kazi yote ya vita alilipwa dola 200.

Mwaka 1869, mjini Auburn, jimbo la New York, aliolewa na Nelson Davis, fundi matofali aliyekuwa askari wa kikosi cha 8 cha wanajeshi weusi. Davis alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1888. Tubman alipoomba pensheni ya mjane, jalada lake lilianza kujaa hati za viapo. Ilibidi athibitishe kwamba mume wake wa kwanza, John Tubman, alikuwa amekwisha kufa alipoolewa tena. Ilibidi athibitishe kwamba Nelson Davis aliyezikwa Auburn ndiye Nelson Charles aliyeandikwa kwenye daftari la jeshi, maana watu wengi waliotoka utumwani walibadili majina wakishakuwa huru. Majirani wakaapa, na barua zikaenda Washington na kurudi. Alikubaliwa Oktoba 1895, baada ya miaka 5: dola 8 kwa mwezi.

Kulikuwa na dai la pili, la utumishi wake mwenyewe. Marafiki wake wa Auburn walikuwa wamekusanya nyaraka tangu miaka ya 1860. Mwaka 1898 Tubman aliapa kwamba alitumikia miaka 3 kama muuguzi na mpishi wa hospitali, na kama kamanda wa maskauti wanane au tisa. Mbunge Sereno Payne akapeleka muswada. Katika Baraza la Wawakilishi ilipendekezwa alipwe dola 25 kwa mwezi. Februari 1899 Kongresi ikapitisha dola 20: zile 8 za ujane, na 12 kwa kazi ya uuguzi. Ukamanda haukulipiwa chochote.

Wakati huo huo Tubman alikuwa na mradi wake. Mwaka 1896 alinunua kwenye mnada ekari 25 jirani na nyumba yake kwa dola 1,450, akitaka kuweka makao ya wazee weusi wasio na mtu. Fedha zilimshinda, akalikabidhi eneo kwa Kanisa la African Methodist Episcopal Zion mwaka 1903, na makao yakafunguliwa mwaka 1908. Kanisa lilipotaka kila anayeingia atoe dola 100, Tubman alipinga. Yeye aliyataka makao kwa ajili ya wale wasio na fedha kabisa. Mwaka 1911, nguvu zikiwa zimemwishia, alihamia humo mwenyewe. Alifariki tarehe 10 Machi 1913 akiwa amezungukwa na watu waliomtunza.

Katika maisha ya mtu huyu mmoja mambo mawili tunayoyazungumza yalikutana: pensheni ya vita na matunzo ya uzeeni. Mwaka 2003 Kongresi ilitoa dola 11,750 kwa makao ya Tubman, kama fidia ya pensheni aliyopunjwa. Kwa hesabu za karani deni lilifungwa. Mwenye deni alikuwa kaburini miaka 90.

Ufagio wa Mwanza

Afrika Mashariki nayo ina habari yake ya uthibitisho. Inasimuliwa kwamba Ujerumani Magharibi ilipokubali mwaka 1964 kuwalipa askari waliobaki wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na vyeti vya mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu. Mlipaji akampa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani apige kwata ya bunduki. Hakuna hata mmoja aliyekosea.

Askari alikuwa walau na mwili wake wa kumtolea ushahidi. Mjane hana kwata ya kupiga. Ushahidi wake ni karatasi, na zikipotea, ni majirani. Na majirani nao huzeeka na kufa.

Hesabu za leo

Mwaka 1930 Rais Herbert Hoover aliziunganisha ofisi zilizokuwa zikishughulikia askari wastaafu kuwa chombo kimoja, ambacho sasa ni Idara ya Maveterani. Mwaka 1978 Kongresi ilipitisha sheria iliyoipa pensheni hii sura yake ya sasa. Serikali huweka kiwango cha mapato kwa mwaka, kisha humjazia mstaafu au mjane tofauti kati ya kiwango hicho na kipato chake. Gharama kubwa za matibabu na matunzo hukatwa kwanza kwenye kipato. Na kwa asiyeweza kuoga, kuvaa au kula bila msaada, kiwango hupandishwa kwa nyongeza inayoitwa Aid and Attendance, yaani msaada na uangalizi.

Masharti yake makuu si mengi. Askari awe alitumikia walau siku 90, angalau siku moja ikiwa ndani ya kipindi kinachotambuliwa kuwa cha vita. Waliojiunga baada ya Septemba 1980 hudaiwa utumishi mrefu zaidi, kwa kawaida miezi 24. Awe na miaka 65 au zaidi, au awe mlemavu wa kudumu. Si lazima awe alijeruhiwa, wala awe alifika uwanja wa vita. Mjane kwa kawaida anatakiwa awe hajaolewa tena. Kipato na mali visivuke kikomo.

Miaka michache baada ya sheria ile, mjini Portland, Oregon, Keren Brown Wilson alifungua jengo lililoitwa Park Place. Mama yake alikuwa ameishi miaka katika nyumba ya wagonjwa wazee baada ya kupata kiharusi, na alitamani vitu vidogo: chumba chake, jiko lake, mlango anaoweza kuufunga mwenyewe. Wilson alijenga hivyo, akaweka wahudumu wa kusaidia saa zote. Mtindo huo wa makazi ya wazee ulienea nchi nzima. Bei nayo ilipanda. Kwa makadirio ya kampuni ya Genworth ya mwaka 2023, gharama ya kati ilikuwa dola 64,200 kwa mwaka. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipii chumba wala matunzo ya kila siku katika makazi hayo.

Tuchukue mfano. Mjane anapata dola 20,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa hifadhi ya jamii, na amehamia kwenye makazi ya bei hiyo. Kwa kuwa matunzo yanameza kipato chake chote, mbele ya hesabu za pensheni kipato chake ni sifuri. Kwa viwango vya mwaka 2024 angeweza kupata hadi dola 17,743 kwa mwaka. Askari mwenyewe asiye na mke, hadi dola 27,609. Mjane huyo sasa ana dola 37,743. Bado anapungukiwa, lakini pengo limepungua kiasi ambacho watoto wanaweza kuchangishana, au akiba kidogo ikavuta miaka kadhaa.

Wengi hawajui kwamba haki hiyo ipo, na wanaojua hukutana na karatasi: cheti cha kuachishwa jeshi kinachoitwa DD-214, hati ya ndoa, cheti cha kifo, fomu ya daktari, hesabu za benki. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 katika kituo cha kumbukumbu za wanajeshi St. Louis, hasa ya wanajeshi wa nchi kavu na wa anga. Wajane wao wamelazimika kuokoteza ushahidi kwenye barua za zamani na stakabadhi za mishahara.

Penye giza hujitokeza wajanja. Mwaka 2012 ofisi ya ukaguzi ya Kongresi ilibaini mashirika zaidi ya 200 yaliyokuwa yakiuza huduma za kupanga mali za wazee ili wastahili pensheni, baadhi yakiwauzia mikataba ya fedha iliyowafungia akiba zao. Sheria hairuhusu mtu kumtoza mwombaji ada kwa kumwandalia maombi ya kwanza. Oktoba 2018 idara ikaweka kanuni mpya: inachungulia miaka 3 nyuma kuona kama mwombaji aligawa mali ili aonekane maskini. Hofu ya mwaka 1820 ilikuwa imerudi, na kama wakati ule, iliwabana hata wasio na hatia.

Kwa wanaosoma haya

Habari hii inawagusa Waswahili walioko Marekani kwa njia mbili. Si wachache wanaofanya kazi katika makazi haya ya wazee, wakiwaogesha na kuwalisha watu ambao huenda walipigana Korea au Vietnam, au wajane wao. Swali moja kwa familia ya mzee, kama yeye au marehemu mwenzake aliwahi kuwa jeshini, linaweza kumfungulia fedha ambazo hakuna aliyemtajia.

Pili, wapo waliovaa sare wenyewe. Kuanzia mwaka 2009 jeshi la Marekani liliwaandikisha wageni wenye lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwazo. Kwa sheria ya pensheni, kipindi cha Vita vya Ghuba kilianza tarehe 2 Agosti 1990 na hadi sasa hakijatangazwa kufungwa, hivyo utumishi wao unahesabiwa wa wakati wa vita. Wana ndoa zilizofungwa Mombasa, Arusha au Bukavu, nyingine kimila, nyingine msikitini au kanisani, na majina yanayoandikwa kwa namna mbili tatu. Jalada la Nelson Charles linawahusu. Ndoa isajiliwe, tofauti za majina zirekebishwe, na DD-214 iwekwe pamoja na hati ya ndoa mahali ambapo mke au mume anapajua, sasa hivi, wahusika wote wakiwa hai na wenye kumbukumbu.

Lakini tahadhari ya familia haiondoi wajibu wa serikali. Mwaka 1836 Washington haikuwa na njia ya kujua nani aliolewa na nani. Leo ina orodha za waliotumikia, ina kumbukumbu za hifadhi ya jamii, na hupata taarifa mstaafu anayelipwa anapofariki. Taifa linaloweza kumtafuta kijana wa miaka 18 hadi kwao ili limwandikishe, linaweza kumtafuta mjane wa miaka 85 na kumwambia alichoachiwa na mumewe. Hilo ndilo deni lililobaki, na wenye kulidai wanapungua kila siku.